Njia Alizozifuta Anselme Vuignier

Imeandikwa na Séverine Gaudin kwa jarida la Ofisi ya Waongozaji wa Praz-Loué

Kuna swali ambalo nimeishi nalo kwa miaka kumi na tisa na ambalo sijawahi kulileta mahali pa wazi kama ukurasa huu: anayetangulia ana wajibu gani kwa wale wanaomfuata bila yeye kuwaita? Naliweka mwanzoni kwa sababu mwenye wasifu huu amelibeba kwa uzito zaidi kuliko mimi, na kwa sababu aliniomba, kwa sauti isiyoacha nafasi ya kujadiliana, nisiandike habari za kazi yake kama nitaliruka.

Anselme Vuignier anastaafu tarehe 30 Aprili mwaka huu, akiwa ameitumikia ofisi hii kwa majira ya baridi arobaini na moja. Katika thelathini na matatu kati ya hayo amefundisha kozi tunayoiita ya daraja la juu: siku sita za kupanda milima kwa ski, kwa watu ambao tayari wanajua kuteleza, wanajua kutembea juu ya theluji, na ambao, kama alivyozoea kuwaambia asubuhi ya kwanza, wamefikia kiwango cha ujuzi kinachoua watu wengi zaidi.

Alizaliwa katika nyumba ya mwisho kabla ya daraja la mto la upande wa juu, mtoto wa nne wa mfugaji wa ng'ombe weusi wa bonde letu, wale ambao majike wao husukumana kwa pembe kupigania umalkia kila majira ya kuchipua. Alipata cheti chake cha uongozaji akiwa na miaka ishirini na minne. Baba yake, nasikia, alikitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kinaweza kukamua. Anselme hakuwaacha ng'ombe kamwe. Mkutano mkuu wa ofisi yetu hufanyika Jumapili ya kwanza ya Mei, siku ambayo ng'ombe hupigana, na katika kumbukumbu za mikutano arobaini na moja mwenye subira atalikuta jina lake likifuatiwa na maneno yale yale mawili mara thelathini na nane: udhuru, ng'ombe. Mara tatu alizohudhuria ni miaka ambayo hakuwa na ng'ombe wa kufaa kupigana, na waliokuwapo wanasema ni heri asingekuja, maana alikaa kama mtu aliyefiwa.

Waliopita mikononi mwake wanajua alivyofundisha. Siku ya kwanza ilikuwa ya kugeuka kwenye mteremko mkali, pale ambapo mtu husimama kwa ski moja, huirusha nyingine nyuma kwa kisigino na kuiweka upande wa pili, huku chini yake kukiwa na mita mia mbili za kutafakari. Siku ya pili ilikuwa ya kamba: kuvuka mto wa barafu, kutambua nyufa zilizofunikwa, kumtoa mwenzako aliyetumbukia bila kumfuata. Siku ya tatu alivua ski na kuingia nao Korongo la Tsena kwa viatu vyenye meno ya chuma na sululu mkononi, ski zikiwa zimefungwa mgongoni, na wakifika juu aliwafundisha kushuka humo humo, kona kwa kona, bila aibu ya kwenda polepole. Haya yote wengine pia huyafundisha, na baadhi yao, naye angekubali, huyafundisha vizuri zaidi.

Alilolifundisha kuliko mtu yeyote ninayemjua ni kuchora njia ya kupandia. Wasiopanda hudhani kwamba ustadi wetu uko kwenye kushuka. Lakini saa nne kati ya tano za siku yetu tunapanda, tukiwa tumebandika ngozi chini ya ski ili zisirudi nyuma, na mtu wa kwanza ndiye anayeukata mstari katika theluji ambao wengine wote wataufuata. Mstari ukiwa mkali mno, watu huchoka na kuanza kufikiri vibaya. Ukiwa mlegevu, jua linalolegeza theluji huwakuta mahali wasipotakiwa kuwapo. Njia za Anselme zilikuwa na mwinuko mmoja tangu chini hadi juu, zilipumzika pale pumzi ilipotaka kupumzika, na hazikupita chini ya theluji inayoning'inia hata kama kuizunguka kulimaanisha nusu saa zaidi. Tuliweza kuzitambua tukiwa upande wa pili wa bonde, kama mtu anavyoutambua mwandiko wa mama yake kwenye bahasha.

Kipimo chake cha njia za wanafunzi kilikuwa Mama Philomène Sierro, aliyeitunza nyumba ya mlimani ya Lorze hadi alipofika miaka sabini na mitatu, na ambaye goti lake la kulia halikuwa zima tangu alipozaa mtoto wa pili. Asubuhi wanafunzi walichora njia nyuma ya nyumba. Kabla ya chakula cha mchana Mama Philomène aliipanda, aproni ikiwa bado kiunoni, kisha alishuka kutoa hukumu.

“Anselme! Hii njia wameichorea mbuzi au wameichorea binadamu?”

“Imekosa nini, Mama?”

“Imekosa adabu. Pale kona ya tatu nimemtukana marehemu baba yako mara mbili.”

“Mmesikia?” aliwaambia wanafunzi, ambao tayari walikuwa wamevua viatu. “Kona ya tatu. Pandeni mkaichore upya.”

“Lakini mwalimu,” alilalamika daktari mmoja wa meno kutoka Lausanne, “huyu mama ana goti bovu!”

“Ndiyo maana namtumia yeye, daktari. Wewe ukichoka utanificha.”

Ningependa kuendelea hivi hadi mwisho. Yako mengi ya kuchekesha, na siku ya sherehe yatasimuliwa na watu wanaoyajua kuliko mimi. Lakini nimeahidi.

Jumamosi ya pili ya Machi, miaka kumi na tisa iliyopita, Anselme aliondoka Lorze saa kumi na moja alfajiri akiwa na wanafunzi watano, kuelekea mlima tunaouita Pigne. Njia ya kawaida hupanda hadi kwenye bega la mlima, mahali pana palipopigwa na upepo hadi theluji yake ikawa ngumu kama sakafu, na kutoka hapo huingia kwenye mteremko mkubwa wa mashariki. Alipofika ukingoni mwa bega, kabla hajauingia mteremko, aliusikia ule mguno ambao theluji hutoa pale tabaka moja linapokaa ghafla juu ya lingine. Ni sauti ya chini, kama mtu mzito anayeketi katika chumba cha pili, na maana yake ni kwamba mteremko uko tayari kukatika. Aliwaambia wanafunzi, “Basi, leo imetosha.” Kwa kuwa hakutaka kuwarudisha watu watano kwenye miteremko waliyopandia ambayo sasa aliitilia shaka, aliwashusha upande wa magharibi, kupitia mawe, ambako hakuna kinachoweza kuporomoka. Hakuna mwongozaji ambaye angemlaumu kwa uamuzi huo. Mimi nautolea mfano darasani.

Lakini nyuma yake ilibaki njia, nzuri kama zote alizochora, ikipanda kutoka bondeni hadi kwenye bega. Na bega, kwa ugumu wake, halikuhifadhi alama ya ski hata moja. Aliyetazama kutoka chini asingejua kwamba watu sita walifika pale na kugeukia magharibi. Angedhani wamevuka na kuendelea mbele.

Saa moja na nusu baada yao kuanza kupanda, tulifika chini ya njia hiyo watu wawili: Joris Aymon, seremala wa hapa kijijini, mwenye miaka thelathini na mmoja, na mimi. Wakati huo nilikuwa mhadhiri msaidizi wa jiografia, nikija milimani kila nilipopata ruhusa. Majira ya baridi yaliyotangulia sote wawili tulikuwa tumehitimu kozi ya Anselme. Nakumbuka tulichosema, kwa sababu nilikirudia mbele ya hakimu mchunguzi, na tangu hapo sijakiongezea wala kukipunguzia.

“Unaona hiyo?” nilimwuliza Joris.

“Naona. Mzee amepita.”

“Basi leo tunapanda ngazi tu.”

“Na akitukuta tunamwibia njia yake?”

“Atatuuliza tulipumulia wapi.”

Tulipanda tukicheka. Tulipofika kwenye bega, Joris alisimama na kutazama mbele.

“Mbona upande ule sioni alama?”

“Upepo umefuta,” nilimjibu. “Angalia hapa palivyo pagumu.”

Jibu hilo lilikuwa la busara. Pia halikuwa kweli, na nilikuwa na kila kitu nilichohitaji ili kulijua hilo: ningeweza kutembea hatua hamsini na kuitazama theluji ya mteremko, ambayo ilikuwa laini na ingeonyesha alama za watu sita kwa siku nzima. Joris aliniona nimechoka, akaomba atangulie. Aliingia kwenye mteremko hatua ishirini, labda ishirini na tano. Theluji ilikatika juu yake kwa mstari ulionyooka, ikamchukua, nami nikabaki nimesimama juu ya ile sakafu ngumu, ambako hakuna kilichosogea.

Nilishuka, nikampata kwa kifaa cha kutafutana chini ya theluji, nikaanza kuchimba. Anselme alikuwa amesikia kishindo kutoka upande wa magharibi. Aliwaacha wanafunzi wake kwenye mawe mahali salama na kupanda tena peke yake. Alinikuta nikichimba, akapiga magoti mbele yangu na koleo lake. Alisema, “Endelea, binti. Endelea.” Tulimfikia Joris baada ya dakika thelathini na nne, katika kina cha mita moja na nusu. Helikopta ilikuja. Haikuwa na la kufanya.

Wakati tunasubiri, Anselme aliniambia, “Mliiona njia yangu.” Hakuniuliza. Alikuwa ameshageuka kuitazama, kona baada ya kona, hadi chini.

Hakimu mchunguzi hakumkuta mtu yeyote na hatia. Sheria yetu iko wazi: anayefuata njia ya mwingine mlimani anaifuata kwa hiari yake. Anselme aliipokea hukumu hiyo kwa heshima, akaikunja karatasi, na kwa kadiri nijuavyo hakuifungua tena. Alikaa wiki tatu na ng'ombe wake. Aliporudi kazini alikuwa na desturi mpya, ile ambayo leo wageni hutuuliza maana yake.

Kila alipogeuka kabla ya kufika alikokusudia, Anselme aliwaketisha wateja wake mahali salama, akawapa mkate mweusi na nyama kavu, kisha akairudia njia yake kuifunga, hadi pale alipoona ni salama kufika. Alikanyaga kila kona kwa ski hadi ikapoteza umbo. Na chini kabisa, mwanzoni mwa njia, au mahali pa karibu zaidi alipoweza kufikia kwa usalama, alikata msalaba mkubwa katika theluji, kila mkono wake ukiwa na urefu wa mtu, unaoonekana tangu mbali. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima, na mtu anayetetemeka kwa baridi huziona dakika arobaini kuwa nyingi sana.

Mwanzoni tulimcheka, nami nakiri sikumtetea. Waongozaji wa bonde jirani walimpigia kelele kutoka kwenye mgongo wa mlima:

“Vuignier! Ukimaliza hapo, sebuleni kwangu nako kuna vumbi!”

“Njoo na ufagio wako!” aliwajibu bila kuinua kichwa. “Wangu umekwisha nyuzi!”

Pingamizi la Barthélemy Pralong, mkuu wa ofisi wakati huo, halikuwa la utani, na hadi leo naliona ni zito. Alilitoa mbele yetu sote, kwa upole, akiwa anampenda Anselme kama ndugu. “Tazama unachokifanya,” alisema. “Ukizifunga zile ulizoziacha katikati, basi zile ambazo hujazifunga zinakuwa ahadi. Na wewe huwezi kuahidi theluji ya kesho, Anselme. Hakuna anayeweza.”

Anselme alijibu, “Ya kesho siiwezi. Ninayoijua ni ya leo, na leo nilijua nikanyamaza.”

Katika majira ya tatu ofisi nzima iliichukua desturi hiyo, Pralong akiwa wa kwanza kuitia sahihi. Leo inafuatwa katika mabonde manne, na katika kozi yetu mwanafunzi hapati cheti bila kuonyesha kwamba anaweza kuifunga njia yake akiwa amechoka. Pengine hilo ndilo tendo kubwa la maisha yake ya kazi. Nasema pengine, kwa kuwa sijui kulipima. Watu ambao hawakufa kwa sababu ya msalaba katika theluji hawaandiki barua. Wamegeuka, wamekwenda kunywa supu, na wengi wao huenda wangeokoka hata bila msalaba.

Na Pralong hakuwa amekosea. Miaka sita iliyopita kijana mmoja alichimbuliwa akiwa hai, nyonga ikiwa imevunjika, kwenye mteremko uliokuwa umepandwa siku mbili kabla, katika theluji nyingine na baridi nyingine. Alipoulizwa kwa nini waliingia pale, alijibu kwa mshangao wa kweli: “Njia haikuwa imefungwa.” Haikuwa hata njia ya Anselme. Lakini alikwenda kumwona hospitalini Sion, na baada ya hapo kwa siku tatu hakusema nasi zaidi ya habari za hali ya hewa.

Aliporudi kwenye maneno alirudi na kitu ambacho wahitimu wa miaka ya karibuni hawatakisahau. Siku ya tano ya kozi, watu wakiwa wamechoka na wanamwamini kabisa, alianza kuchora njia ya uongo. Ilikuwa njia bora kuliko zote za juma, laini, yenye kupumzika, na ilikwenda mahali pabaya: chini ya theluji inayoning'inia, au kuelekea ufa uliojificha, pale ambapo kila walichojifunza kiliwaambia wasiende. Aliwatanguliza, yeye akabaki nyuma kimya, na aliwasimamisha hatua chache kabla ya hatari. Karibu kila mara walikuwa wamefuatana wote, wakisifiana mwinuko.

Nilimsikia jaji mmoja mstaafu kutoka Ubelgiji akiwaka. “Umetudanganya!” alisema. “Tumekulipa utufundishe, nawe unatudanganya!”

“Ndiyo, mheshimiwa. Na kesho nitawadanganya tena.”

“Basi tukuamini vipi?”

“Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri tangu Jumatatu,” alisema Anselme, naye akaketi juu ya ski zake ili walijadili.

Nimeshuhudia watu wakiondoka kozini na hasira. Wawili walidai cheti chao kwa barua. Sina hakika kwamba mbinu hiyo haina hasara. Mtu anaweza kujifunza kushuku mwongozaji mmoja tu, yule aliyemdanganya, na kuwaamini wengine wote zaidi. Tulibishana kuhusu hilo mara nyingi, mimi na yeye, kama tulivyobishana kuhusu mengine tangu nilipoacha chuo kikuu na kuja kusomea cheti cha uongozaji chini yake. Alinikubali kuwa mwanafunzi wake bila neno moja la faraja, nami kwa hilo namshukuru kuliko faraja.

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Machi, Anselme alipeleka jibini kwa Ursule Aymon, mama yake Joris. Mimi pia nilikwenda. Kila mwaka aliketi kwenye benchi karibu na jiko, na kabla ya kahawa alisema sentensi moja: “Nisamehe, Ursule.” Mwaka wa tano mama yule aliiweka birika chini.

“Hebu nyamaza leo,” alimwambia. “Kila mwaka unakuja hapa kuniambia ni wewe, ni wewe. Na huyu binti naye ananitazama kwa macho hayo hayo. Joris alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na macho mawili na akili yake. Mkiyagawana makosa yote nyinyi wawili, mimi mnaniachia nini? Mtoto aliyeburutwa? Mwanangu hakuburutwa, Anselme. Alipanda.”

“Haya,” alisema Anselme. Alikunywa kahawa yake, na sentensi ile hakuirudia tena. Kesho yake tulikwenda mlimani, tukageuka chini ya Tsena, naye alikwenda kuifunga njia kwa uangalifu ule ule, kona moja baada ya nyingine.

Februari iliyopita nilimsaidia katika kozi yake ya mwisho. Wanafunzi walikuwa sita. Siku ya tano alichora njia ya uongo, na walipofika kona ya pili muuguzi mmoja wa Fribourg aitwaye Apolline Rime alisimama.

“Sipandi.”

“Apolline, unataka kumfundisha mzee?” wenzake walimtania. “Sogea, unatuzibia!”

“Piteni. Mimi sipandi.”

“Kwa nini?” aliuliza Anselme kutoka nyuma. “Njia ni yangu.”

“Njia ni nzuri sana, mwalimu. Nimegundua kwamba tangu tuanze kuipanda sijatazama juu hata mara moja.”

Anselme alivua glavu na kumpa mkono. Katika miaka sita, yeye ni mtu wa nne kusimama.

Alasiri ile, wanafunzi wakiwa ndani wanakula viazi na jibini lililoyeyushwa, tulikaa nje ya nyumba ya Lorze tukianika ngozi za ski kwenye jua.

“Séverine.”

“Naam, mzee.”

“Nimebakiza miezi miwili na kitu nirudishe beji. Nina swali moja kwako.”

“Uliza.”

“Siku ile. Kama usingeikuta njia yangu pale chini, ungegeuka?”

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimeliandalia majibu mengi, mengine yenye huruma.

“Sijui.”

“Usinipe jibu la chuo kikuu.”

“Si la chuo kikuu. Sijui, mzee.”

“Miaka kumi na tisa, binti.”

“Miaka kumi na tisa.”

Aligeuza ngozi moja, akazitoa nyuzi za barafu kwa ukucha. “Basi andika hivyo hivyo,” alisema. “Usiandike kwamba sikuwa na kosa. Wala usiandike kwamba nilikuwa nalo. Watu wajue tu nilikuwa nafanya nini kule nyuma, wakati wateja wangu wanatetemeka.”

Nimeandika, mzee.

Kwa niaba ya ofisi, na ya watu zaidi ya elfu moja uliowafundisha kugeuka, kufunga kamba, kusikiliza na kurudi nyumbani, pokea shukrani zetu. Utuwie radhi kwa vicheko vya miaka ile ya kwanza. Ng'ombe wako wapate nyasi nzuri, mmoja wao atwae umalkia kabla hujachoka kumtazama, na uwe na asubuhi nyingi ambazo hakuna anayekusubiri mlangoni na ski begani.

Kuhusu lile swali lako, ningependa kukuaga nikiwa nimelijibu, na nimejaribu tena nilipokuwa nikiandika kurasa hizi. Nimejiweka chini ya Pigne asubuhi ile na kuiondoa njia yako kwenye theluji. Mteremko ni mweupe, Joris yuko nyuma yangu, na mimi nainua kichwa kutazama. Lakini mwinuko naupima kwa jicho ulilonipa, upepo nausoma kwa shavu kama ulivyonionyesha, na pale ninapotaka kupumua nasimama mahali ambapo wewe ungesimama. Naweza kuifuta njia. Siwezi kukufuta wewe kutoka kwa yule anayeutazama mlima. Yule Séverine ambaye hakuwahi kufundishwa nawe, na ambaye ndiye pekee angeweza kukujibu, hajawahi kufika pale chini, nami sijui pa kumtafutia.